Kibuyu cha Ezekia

Tangu Enoki achaguliwe kwenda kukimbia Makambako, mama yake, Hulda, hakumwamini mtu yeyote mwenye sufuria. Chakula cha kijana alikipika mwenyewe na kukifunika mwenyewe, na alipokwenda kuteka maji alifunga mlango wa jiko kwa kufuli, ufunguo akautia kwenye pindo la kitenge. Jirani akileta mahindi ya kuchoma, Hulda aliyapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akamtakia jirani baraka, kisha akawapukuchulia kuku na kukaa kuwatazama. Kuku hawakufa. Hilo halikumtuliza hata kidogo, kwa sababu huenda dawa yenyewe ilitengenezwa kwa ajili ya kiumbe anayekimbia, na kuku wa Hulda walikuwa wavivu.

Watu wa Ramadhani, mtaa wao pale Njombe, walimcheka, ila kwa pembeni, maana alikuwa mke wa mzee wa kanisa. Na sababu alikuwa nayo. Mwaka uliotangulia, siku ya sikukuu ya Empaya, Waingereza walipokuwa wakiisifu bendera yao kwa michezo na ngoma, Enoki alikula kiazi cha kuchoma kutoka kwenye ungo wa Eufrasia pale sokoni. Katikati ya mbio tumbo likamkata, akapitwa. Aliyempita alikuwa Tarsis, mtoto wa huyo huyo Eufrasia. Kwamba viazi vile vililiwa na nusu ya soko, akiwamo tarishi wa boma na watoto wake, Hulda hakutaka kuambiwa. Hao hawakuwa wakishindana na mtu.

Eufrasia alikuwa mjane, Mkatoliki wa upande wa misheni, muuza uji na viazi. Hulda alikuwa Mluteri. Jambo hilo halikuwa ugomvi, ila lilisaidia.

Safari hii mbio hazikuwa za kushindania blanketi. Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alikuwa ametangaza kwamba mshindi wa mbio ndefu atapelekwa Iringa kukimbia mbele ya wakubwa wa jimbo, na huko polisi walikuwa wakitafuta vijana wenye miguu. Atakayewapendeza atavishwa sare na kula mshahara wa serikali. Kwa Enoki kulikuwa na njia nyingine moja tu, na hiyo alikwisha kuwekewa na baba yake. Efraimu alikuwa amempeleka kijana kwa wakala wa manamba, jina likaandikwa, na lori la kwenda kwenye mkonge wa Tanga lilikuwa lipite Njombe siku chache baada ya sikukuu.

"Miguu hailipi kodi," Efraimu alisema walipokuwa wakila.

"Ya huyu italipa," Hulda alijibu.

Efraimu akamtazama kwa jicho la mtu anayesikia mkewe akihubiri. Hakuwa baba mbaya. Alikuwa mtu aliyekwisha kuaibishwa mara moja mbele ya baraza la chifu kwa ajili ya kodi, na hakuwa tayari kuaibishwa tena. Hulda naye alikuwa na kaka aliyekwenda mkonge akiwa na kifua kama mlango, akarudi akikohoa, na hakuumaliza msimu wa mahindi. Jina la kaka huyo halikutajwa pale kwenye chakula, lakini lilikuwapo, na kila mmoja alilizunguka. Mwishoni wakapatana. Enoki akishinda, jina lake litafutwa kwa wakala. Akishindwa, Hulda mwenyewe atamfungia mzigo, bila machozi.

Enoki hakuulizwa. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye vifundo vya miguu vyembamba ambavyo mama yake alivipaka mafuta kila jioni kana kwamba ni vya mtoto mchanga. Alikuwa akila anachopewa na mama, anakunywa anachopewa na mama, na vijana wenzake walimwita Mheshimiwa.

Asubuhi ya sikukuu, umande ukiwa bado mzito na vidole vikiuma kwa baridi, Hulda alikwenda kwa Ezekia.

Ezekia alikuwa jirani mwenye shamba la mianzi bondeni. Aliwahi kuwa Mkristo mzuri, mpaka wazee wa kanisa walipomtaka achague kati ya Meza ya Bwana na ulanzi anaougema kwenye mianzi yake. Akachagua, na tangu siku hiyo alionekana mwenye afya njema, jambo lililowaudhi wazee. Hulda hakuwa amekanyaga kwake kwa miaka. Lakini alikumbuka maneno ya mama yake, kwamba vijana waliobeba habari za chifu, zamani, kabla ya kutimua mbio walinyweshwa ulanzi uliogemwa alfajiri ile ile. Huo ni mtamu, watu wanauita mtogwa, na hata mtoto hupewa. Si pombe. Ni baadaye, ukikaa na kuchacha, ndipo unakuwa mkangafu, na mkangafu humlaza mtu mzima njiani. Kila mtu wa nchi ile aliijua tofauti hiyo. Ila kanisa halikuwa na muda wa tofauti, na katika nyumba ya mzee wa kanisa hapakuwa hata na chombo cha kuutilia.

Basi Ezekia akamwazima kibuyu chake mwenyewe. Hulda akakisuuza mtoni kwa maji baridi, akakinusa, akaridhika. Angekuwa mke wa mnywaji angejua kwamba kibuyu kilichozoea ulanzi hakisafishwi kwa maji baridi. Chachu imelala ndani ya ngozi yake, na mtogwa ukitiwa humo haukawii kuamka. Lakini Hulda alikuwa mwanamke safi wa kanisa, na mambo hayo hayakuwa elimu yake.

"Uonje kabla hujampa, Mama Enoki," Ezekia alisema akimjazia. "Huu haumngoji mtu."

"Mimi siweki ulanzi mdomoni. Unajua."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia."

Hulda alimtazama kwa shaka. Akajiuliza Ezekia anapata faida gani kumfanya mke wa mzee wa kanisa aonje ulanzi, akaona faida ni nyingi. Akafunika kibuyu, akakificha ndani ya kikapu, juu yake akatandaza kitenge.

Na tena kuonja kulikuwa ni kwa ajili ya wengine. Huku kwao, anayempa mtu kinywaji hukionja yeye kwanza, mwenzake akimwona, ndipo anapompa, ili moyo wa mgeni utulie. Mkwe humwonjea mkwe, jirani humwonjea jirani, na hata ndugu wakikaa muda mrefu bila kuonana huonjeana. Mama tu ndiye haonji kwa ajili ya mwanawe. Angeonja ili iwe nini?

Walisafiri kwa lori la kampuni ya miti ya miwati, wakimbiaji, mama zao, walimu na ngoma za shule, wote wamesongamana juu ya magunia matupu. Kabla hawajafika mbali maji ya injini yakachemka. Dereva akashuka, akaligombeza lori, akakaa kando ya barabara kulisubiri lipoe. Lilipopoa wakaenda, likachemka tena. Baridi ya Njombe ikabaki nyuma, jua likapanda, na kikapu kikakaa juani kwenye mapaja ya Hulda muda wote huo. Hakutaka kukiweka chini, kwa sababu chini palikuwa na miguu ya Eufrasia.

Eufrasia alikuwa ameketi mkabala naye, na chungu cha uji wa ulezi kati ya magoti, wa kwenda kuuza uwanjani.

"Kamwene, Mama Enoki."

"Kamwene."

Salamu ikaishia hapo. Safari nzima Hulda alimwangalia mikono. Mikono yenyewe haikufanya kitu ila kushika chungu, na Hulda akaona kwamba mtu asiye na lake moyoni asingetulia namna ile. Vijana waliposhuka kunywa maji ya kijito, Enoki aliinuka pia, mama akamvuta shati. Wenzake hao hao walikuwa wametangulia kuinama pale, nani ajuaye waliacha nini. Enoki akakaa. Tangu chakula cha jana yake hakuwa ametia kitu tumboni, maana alfajiri mama alikuwa bondeni na jiko lilikuwa na kufuli.

Makambako uwanja ulikuwa umefurika. Watu walitoka Mahongole na kuku wa kuuza, Wakinga walikuja na mizigo yao ya nguo, na chini ya turubai alikaa Bwana Shauri na mkewe, bendera nyuma yao. Wakimbiaji walikuwa wamekwisha kuanza kuitwa. Hulda akakimbilia kwa karani kuuliza jina la mwanawe limeandikwa la ngapi, kwa kuwa alishuku kwamba linaweza kuachwa.

Aliporudi alikuta kitu alichokuwa akikiogopa mwaka mzima. Eufrasia alikuwa amempa Tarsis uji, na alipogeuka akamwona Enoki amesimama, midomo imekauka. Akachota kata, akaionja kijana akimwona, akampa. Enoki akatafuta mama kwa macho, hakumwona. Kiu ilikuwa imemshika. Akapiga mafunda kadhaa kabla mkono wa Hulda haujafika na kuipiga kata ikaruka, uji ukammwagikia Eufrasia kifuani.

"Umempa nini?"

"Uji, Mama Enoki. Nimeonja mbele yake."

"Umeonja upande wako wa kata."

Watu waliokuwa karibu wakacheka, wengine wakaguna. Eufrasia akajipangusa gauni kwa kiganja. Lilikuwa gauni lake la Jumapili, na doa lilitanda kadiri alivyopangusa. Akasema kwa upole kwamba huyu naye ni mtoto, na alikuwa na kiu. Upole huo Hulda akauweka pamoja na ule utulivu wa ndani ya lori.

Akamshika Enoki mkono, akampeleka nyuma ya lori, akatoa kibuyu. Alikuwa amepanga kumpa kidogo tu, cha kulainisha koo, lakini sasa kulikuwa na kitu cha kusafishwa tumboni.

"Kunywa. Umalize wote, ukisukume kile cha yule mwanamke."

Akamgeuzia mgongo, akatandaza kitenge kumkinga, asije akaonekana na mtu wa kanisa. Kwa hiyo hakuona povu. Alisikia tu kijana akinywa na kusita.

"Mama, ndivyo ulivyo?"

Kijana wa watu hakuwahi kuonja ulanzi maishani mwake. Angejuaje?

"Ndivyo ulivyo."

"Unawasha."

"Kinachowasha ni cha yule. Kunywa, wanaita."

Enoki akanywa mpaka mwisho. Alikuwa amezoea kumtii.

Mbio zilitoka uwanjani, zikashika barabara ya Mahongole mpaka kwenye kibendera, kisha zikarudi. Enoki aliondoka wa kwanza, hatua zake ndefu, na watu wa Njombe wakapiga kelele za furaha. Wakimbiaji wakapotelea nyuma ya mashamba. Hulda alisimama juu ya kidole cha mguu cha mtu mwingine bila kujua, akiomba.

Waliporudi kuonekana, Enoki alikuwa bado wa kwanza, na mbali. Lakini mikono yake ilikuwa ikining'inia, na alikuwa akitabasamu. Hulda hakuwahi kumwona mwanawe akitabasamu akiwa mbioni, wala akiwa mezani. Kijana akaingia uwanjani, akaiacha njia kana kwamba amemwona rafiki mahali, akaifuata ngoma ya watoto wa shule. Akajikwaa kwenye kamba, akaanguka, akainuka akicheka. Uwanja mzima ukacheka naye. Tarsis akampita hapo, macho mbele. Mtu akamgeuza Enoki mabega, akamsukuma, naye akafika wa pili, akapiga magoti mbele ya sajini wa polisi na kutapika juu ya viatu vyake.

"Amerogwa," Hulda alisema. Halafu akasema kwa sauti kubwa hata mke wa Bwana Shauri aliinua uso: "Ni Eufrasia. Alimpa kitu kwenye kata. Watu wote wameona."

Na kweli watu walikuwa wameona. Sajini akainama, akamnusa kijana kinywa, akasema hiyo ni pombe. Bwana Shauri akaja mwenyewe, uso mwekundu. Alikuwa mmoja wa wale Wazungu ambao ukiiba ng'ombe wanaweza kukusikiliza, lakini si ukiharibu mchezo. Akaagiza chungu kiletwe, akakiinamia, akavuta pumzi. Uji wa ulezi uliolala una uchachu wake, na ndio utamu wake, kila mtu pale alijua. Bwana Shauri hakujua. Akarudisha kichwa nyuma kama aliyepigwa kibao. Karani wake, mtu wa pwani, naye akanusa na kukubaliana na bwana wake. Mzee mmoja wa Mahongole alianza kusema kwamba huo ni uji wa kawaida tu, lakini alisema chini chini, na nani wa kubishana na pua ya Bwana Shauri. Waluteri waliokuwa karibu walinyamaza kabisa, na si wote waliosikitika.

Hulda alikuwa amekwenda kuchukua kitenge kwenye kikapu amfute mwanawe. Kitenge kilikuwa kimelowa. Akakiinua. Kifuniko cha kibuyu kilikuwa kimetoka, povu limekauka mdomoni pake, na harufu ikapanda kumfikia. Aliijua. Ilikuwa harufu ya babu yake, ya vilabu vya utotoni, ya wanaume waliolala njiani na kuamshwa na ng'ombe. Akabaki ameinama pale juu ya kikapu. Akarudishia kitenge, akakisindilia pande zote.

"Mama wa mkimbiaji," karani aliita.

Akasogea.

"Bwana Shauri anauliza, mwanao alikunywa kitu kingine chochote leo, mbali na huo uji?"

Enoki alikuwa ameketi chini. Akainua kichwa, macho mekundu, akamtazama mama yake, akangoja. Eufrasia alikuwa amesimama na doa lake kifuani, naye akamtazama, bila hasira, kwa namna mwanamke anavyomtazama mwenzake akitegemea sasa hivi atasema jambo la maana na wote waende nyumbani. Hulda aliyaona macho hayo yote. Aliona pia wazee wa kanisa wakimwita mumewe pembeni, na lori la mkonge, na kifua cha kaka yake mwishoni, kilichokuwa kimebaki mbavu.

"Hakunywa kingine," akasema.

Karani akatafsiri. Bwana Shauri akasema maneno machache, na karani akayatangaza: Tarsis ameondolewa kwa sababu ya hila za mama yake. Atakayekwenda Iringa ni Enoki. Tarsis alikuwa amekwisha kufungwa utepe kifuani. Akaufungua mwenyewe, akaukunja vizuri, akaurudisha mezani. Enoki akainamisha kichwa chake, na hakukiinua tena mpaka Njombe.

Jumapili iliyofuata Efraimu alisimama kanisani, akamshukuru Mungu aliyefichua mtego wa adui mchana kweupe. Hulda aliketi upande wa wanawake. Wote walimgeukia kwa upendo, na mmoja akamminya mkono. Ilikuwa siku ya Meza ya Bwana. Alifikiri kubaki kwenye benchi, lakini anayebaki kwenye benchi huulizwa. Akaenda, akapiga magoti, akapokea, na kile kipande kilikaa kooni mwake mpaka wimbo wa mwisho.

Alimrudishia Ezekia kibuyu akiwa amekichemsha, akakisugua kwa mchanga, akakianika. Ezekia akakipokea, akakinusa. Habari za Makambako zilikuwa zimemfikia, kama zilivyomfikia kila mtu.

"Uliuonja?"

Hulda akasema alikuwa na haraka. Ezekia akaning'iniza kibuyu mahali pake. Kuanzia siku hiyo Hulda alimshuku. Alipomwona amesimama na mtu njiani alipunguza mwendo asikie, na alipokuta wamenyamaza alijua walikuwa wakimsema yeye. Alishuku hata salamu. Mtu akimwambia hongera, alimtazama midomo kuona kama inacheza.

Sokoni alijitahidi asipite upande wa uji, lakini njia ya chumvi ilikuwa hiyo hiyo. Eufrasia alikuwa amekaa mahali pake pa siku zote, chungu kimejaa, hakuna mnunuzi. Kila mpita njia alipokaribia, Eufrasia alichota, akaonja, akamnyooshea kata. Watu wakapita. Alikuwa ameonja mara nyingi kiasi kwamba, alivyosema muuza chumvi huku akicheka, chungu kile atakimaliza yeye peke yake. Hulda akanunua chumvi ambayo hakuihitaji, akaenda zake.

Siku chache baadaye Efraimu alirudi kutoka kwa wakala akiwa na furaha. Alikuwa na wasiwasi kwamba kufuta jina la Enoki kungeleta maneno, kwa sababu wakala alikuwa ameahidi idadi kamili. Lakini nafasi ilikwisha kupata mtu. Yule kijana wa Eufrasia alikuja mwenyewe kuiomba. Uji wa mama yake haununuliwi tena, Efraimu alieleza, na kodi haingoji. Akasema Mungu ana njia zake.

Enoki alikuwa pale, akiosha miguu. Akaacha kuosha. Alimtazama mama yake, naye Hulda akageukia moto, akachochea kuni zilizokuwa zikiwaka vizuri. Alitaka kijana aseme. Alitamani apige kelele, aseme mbele ya baba yake, basi liishe. Enoki akatoa miguu majini, akaifuta, akamwambia mama asimpake mafuta leo.

Siku ya safari malori mawili yalisimama karibu na soko, la manamba na la serikali. La manamba liliondoka kwanza. Tarsis alikuwa amekaa nyuma kabisa, kibati cha namba kimening'inia shingoni, na Eufrasia alitembea kando ya lori mpaka lilipomwacha. Alibaki katikati ya barabara na vumbi, kisha akarudi na kuwapita Hulda na Enoki bila kuwatazama. Lile doa halikutoka kwenye gauni. Hulda alifungua kinywa. Alikuwa na neno, aliliandaa siku nyingi, lakini Efraimu alikuwa hapo, na mchungaji, na wanawake wa kanisa waliokuja kuimba. Akafunga kinywa.

Wakaimba. Mchungaji akaomba. Efraimu akampa mwanawe mkono kama mtu mzima anavyompa mtu mzima mwenzake, na machozi yakamlenga. Ndipo Hulda akasogea na kifurushi. Alikuwa ameamka mapema, akamchinja jogoo aliyekuwa akimlinda kuliko wote, akamkaanga, akachemsha na viazi mviringo, akavifunga kwa jani la mgomba na kitambaa kipya. Mlango wa jiko haukuwa na kufuli. Ndani ya kifurushi hakukuwa na kitu ila chumvi na mapenzi, na Hulda angeapa hivyo kwa Biblia, kama kiapo chake kilikuwa bado na uzito.

"Ukale njiani, mwanangu. Usichukue cha mtu."

Enoki alikuwa tayari ameweka mguu mmoja kwenye lori. Akashuka. Akakitazama kifurushi, kisha akamtazama mama yake, na sauti yake ilikuwa ya adabu, ile ile aliyomfundisha yeye.

"Onja kwanza, mama."

Wimbo ulikuwa umekwisha, kwa hiyo watu walisikia. Mwanamke mmoja akacheka kidogo akidhani ni utani, akaona hakuna mwingine anayecheka, akaacha. Efraimu akauliza kwa ukali hiyo ni lugha gani. Enoki alisimama mikono chini, akingoja, kama alivyongoja pale uwanjani, ila sasa hakuwa akitegemea kitu.

Hulda akafungua kitambaa. Fundo likamkatalia, akalifungua kwa meno. Akanyofoa kipande cha kuku, akakitia mdomoni, akatafuna. Watu wote walikuwa wakimtazama akitafuna. Kilikuwa kitamu, kimekolea chumvi, na hakikutaka kushuka. Akakisukuma. Enoki alimwangalia koo mpaka alipoona kimepita.

Kisha akakipokea kifurushi kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema asante, kwa namna mtu anavyopokea chakula katika nyumba ambayo hajawahi kuingia. Akapanda lori, akakaa akitazama mbele, upande wa Makambako.